Mwanangu, zile elfu mbili nimekurudishia

Mamangu, assalaam aleikum.

Jana usiku nimeona mesej ya M-Pesa, elfu mbili kutoka kwako. Sikulala. Baada ya alfajiri nimekurudishia zote pamoja na ya kutolea, kwa hivo simu ikilia usidhani nimekosea namba. Mamako yuko hapa kando yangu ananiambia niandike kwa upole usije ukaona tumekasirika. Hatujakasirika wallahi. Alilia kidogo akasema huyu mtoto hata mwezi hajamaliza chuoni Kilifi kashaanza kutufikiria sisi. Mungu akulipe kwa nia yako, lakini hiyo pesa siitaki na nataka nikueleze kwa nini, nikueleze kwa urefu, maana kwenye simu najua utanikatiza useme "baba ni kidogo tu".

Najua ulivyofikiria. Unajua upepo wa kusi bado haujakata, unajua babako hatoki nje siku hizi anavua huku ndani ndani tu, unajua bei ya petroli, ukapiga hesabu zako ukaona nyumbani kumekauka. Hesabu zako ni sawa. Kumekauka kweli. Lakini kukauka kwetu si kwa leo, tumezaliwa nako, na chakula hapa kinapatikana, jirani akipika pilau sahani inaletwa, na samaki wa mchuzi hatukosi. Wewe huko Kilifi ukikosa chakula sahani italetwa na nani?

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia vizuri. Kaka yako, mwana wa shangazi yako, unamjua ni mwanafunzi aliyeacha masomo, na wewe ulikuwa mdogo ukaambiwa tu chuo kilimshinda. Si kweli. Hakikumshinda. Yule alipata ufadhili kama wako, kwenda kujifunza kazi za bandarini, mitambo ya kushusha mizigo, wakati huo Amu, Lamu yetu nzima, ilikuwa inazungumza bandari bandari, vijana wote wanataka wawe tayari meli zikija. Akipewa elfu sita ya mwezi. Ya kwanza akamtumia mamake elfu tatu, tukamsifu barazani, mtoto mwema, mtoto ana huruma. Mwezi wa pili mdogo wake anataka yunifomu, akatuma. Mwezi wa tatu bibi mgonjwa, akatuma. Na mwezi wa nne, mwanangu, ni mimi. Mashine ya mashua ilikufa nikampigia nikamwambia mwanangu nisaidie elfu tatu na mia tano nitakurudishia nikivua. Akatuma siku hiyo hiyo. Sikurudisha mpaka leo.

Sisi hatukuuliza anakula nini. Alikuwa anakula chai na nusu mkate, usiku analala na njaa, asubuhi darasani usingizi, nauli ya kwenda mazoezini hana. Akafeli, akapewa nafasi ya kurudia akafeli tena, na wafadhili sharti lao ni upite, wakasimamisha. Akarudi na begi lake. Na hakuna hata mmoja wetu aliyesimama akasema tumemla sisi huyu mtoto. Tulisema chuo kigumu. Mei 20 mwaka 2021 meli ya kwanza ilipofunga gati kwenye hiyo bandari pale Kililana sisi tulikuwa baharini pamoja, mimi na yeye, akaiangalia kule mbali hakusema neno, akaendelea kuvuta wavu. Nimekaa na hilo miaka yote hii. Ulipopata barua yako mwaka huu ndio nikamfuata nikamuomba radhi, akanishika mkono akasema mjomba hayo yamepita. Kwake yamepita, kwangu bado.

Kwa hivo unielewe nikikwambia usitume. Hata mamako akikwambia tuna shida. Hata mimi mwenyewe nikikupigia, na inaweza kutokea, binadamu akibanwa husahau maneno yake, siku hiyo unisomee hii barua. Ami zako na shangazi zako wakikupigia waambie baba amekataza, nitie mimi ubaya, usijitie wewe. Ukimaliza ukapata kazi ndio tutakaa tuzungumze, na hata hapo utatoa unachoweza, hatukukuzalia kutuchukua mgongoni.

Haya hilo limekwisha.

Nataka kukwambia pia kuhusu siku ile ya kukabidhiwa barua za ufadhili, maana uliondoka haraka na hatukupata nafasi ya kuzungumza. Wewe ulikuwa mbele na wenzako, hukuona nyuma kulikuwaje. Mimi niliketi na wazazi wengine, kila mtoto akisimama kusema anakwenda kusomea nini, mzee wake ananong'ona hadithi yake. Yule msichana wa Faza anayekwenda uuguzi, mamake aliniambia huyu nilimzaa ndani ya mashua, tunakimbizwa hospitali Amu usiku, upepo umegeuka, hatukufika. Ndio maana anataka kuwa mkunga na anataka kurudi kulekule kisiwani. Yule kijana wa Mpeketoni wa umeme, babake anasema nyumbani hakuna redio iliyobaki nzima, zote kazifungua. Lakini aliyenikaa moyoni ni yule kijana wa Boni, wa kule Basuba. Unajua shule za kule zilifungwa muda mrefu kwa sababu ya usalama, walimu waliondoka, watoto wakahamishwa wakasomee mbali na wazazi wao, na yeye kasoma hivohivo, likizo nyingine hata nyumbani hakuweza kufika, mpaka kamaliza fomu fo na kafaulu. Anasomea ualimu. Alipoulizwa kwa nini alisema maneno machache sana, kwamba anataka kijijini kwao kuwe na mwalimu ambaye hana pa kukimbilia kwa sababu ni kwao. Ukumbi ulinyamaza. Mzee wake alikuwa kaketi nyuma yangu, nikageuka nikampa mkono.

Huyo mtafute. Yuko chuo kingine lakini mtafutane, na wa Faza pia. Mtu akiwa mbali na kwao anahitaji mtu wa kumwambia neno moja akaelewa, si mpaka aanze kueleza Lamu iko wapi.

Na wewe ukasimama na daftari lako. Subhanallah. Ile daftari nilikuwa nadhani unachezea, tangu uko darasa la saba nikirudi tu unakuja na kalamu, baba leo ulikwenda wapi, ilikuwa bamvua, maji makubwa, au maji mafu, samaki tafi kilo ngapi, changu kilo ngapi, maji yalikuwa safi au matope, na mimi mara nyengine nimechoka nakujibu kwa hasira, sasa najuta kila jibu la hasira. Miaka sita. Ukawafungulia wafadhili pale kwenye intavyuu ukawaonyesha pale tulipokuwa tunapata kilo arobaini tukaja tukawa tunapata kumi na mbili, ukawaambia sijui sababu zote ndio maana nataka kwenda kusoma. Mmoja wao aliniambia baadaye, mzee, watu wengi walituambia ndoto zao, binti yako alituletea kazi aliyokwisha kuianza.

Nasikia maneno barazani, na wewe umeyasikia kabla hujaondoka, usidhani sijui. Ati baba mvuvi, mtoto kasomeshwa mpaka chuo kikuu arudi kwenye samaki, si angechukua udaktari, si angechukua biashara. Wale hawana nia mbaya, wanapenda mtoto wa mtaa wao aonekane. Lakini hebu wakumbuke. Walipochimba mkondo wa meli za bandari na maji yakageuka matope, sisi wavuvi tulijua siku ya kwanza, tulijua kwa macho na kwa wavu. Tukaitwa vikao. Tukaulizwa mlikuwa mkipata kilo ngapi, sasa mnapata ngapi, tangu lini, sehemu gani. Tukabaki kuangaliana. Watu wazima wenye miaka thelathini baharini tunajua kila jiwe lakini hakuna hata karatasi moja. Kesi ilikwenda na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi walipwe zaidi ya bilioni 1.7, sisi tulikuwa kama 4,600, alhamdulillah, lakini mimi katika vile vikao vyote nilikuwa nawaza mbona hakuna mtu wetu, mtoto wa hapa hapa, anayejua bahari kama sisi na anajua pia kuiandika ikasomwa huko maofisini. Sasa yupo yuko Kilifi anasomea mambo ya bahari na uvuvi. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko huku kwetu, na samaki wadogo hukulia humo, sasa nani wa kusomea hiyo mikoko kama si sisi? Wewe uliandika kwenye fomu yako habari za Wangari Maathai, kwamba naye alipata ufadhili mwaka 1960 akaenda Marekani kusoma biolojia, akarudi kwao, na mwaka 1977 akaanza ile kazi ya kupandisha watu miti. Mimi sikumjua hivo, nilimjua kwa siasa tu. Wewe ndio ulinifundisha, nikasoma fomu mara mbili.

Na ile mesej yako ya wiki iliyopita, "baba hapa watu wana akili sana mimi na B+ yangu najiona mdogo", niliiacha bila jibu kwa sababu nilitaka nijibu vizuri. Unamjua Profesa Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, kazaliwa 1933. Mtihani wake wa sekondari alipata daraja la tatu, nafasi ya Makerere akaikosa. Akaenda kufanya kazi MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, hiyo ambayo leo ndio Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, akakaa hapo mpaka akapata ufadhili wa kwenda Uingereza mwaka 1955, akaanzia Huddersfield kumalizia hiyo hiyo elimu iliyomshinda. Kutoka hapo hakushikika, digri Manchester 1960, digri ya pili Columbia kule Marekani 1961, udaktari Oxford 1966, na Makerere ile ile iliyomkosesha nafasi ikaja ikamfanya profesa. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa Mombasa akazikwa na jamaa zake. Sikwambii uwe Mazrui. Nakwambia ile karatasi ya mtihani ilipita mikononi mwake kama ilivyopita kwako, na watu walioisoma siku ile hawakuona mtu waliyekuwa wanamuangalia. Hao wenzako wana akili, ndio, na wewe unayo, na usione haya kuuliza darasani. Mwalimu akisema kitu cha baharini ambacho wewe umekiona sivyo, inua mkono useme kwetu tunaona hivi, kwa adabu. Huenda yeye kakosea na huenda sisi tumekosea, mtajua mkizungumza.

Vitu vidogo sasa. Laptopu usimuazime mtu hata kama ni rafiki, na usiiwache hosteli juu ya kitanda. Kula asubuhi. Umesema chakula cha chuoni hakina ladha, mamako kakuandalia achari na halua na kapu la mahamri, nimempa dereva wa bas anayetoka Mokowe kesho asubuhi, atafika Kilifi mchana, siku hizi ile barabara ya Garsen ina lami si kama zamani, nenda mapema usimsubirishe. Na leso mbili za bibi yako ziko ndani, ile nyekundu ni ya zamani sana usiivae ovyo. Bibi mwenyewe na Kiamu chake anasema yeo, yaani leo, kila saa, yeo mjukuu wangu kala, yeo kalala wapi, mpigie Ijumaa.

Kama karo au kitu cha chuo kimekwama usinyamaze, wapigie wafadhili siku hiyo hiyo kisha unipigie mimi. Nimejaza fomu ya basari ya kaunti na ya CDF, ule mfuko wa eneo bunge, pia, ikitoka ni ya kwako, itakaa kwenye akaunti yako.

Jambo la mwisho. Uliniuliza daftari utafanyaje sasa kwa kuwa hupo. Ninalo mimi. Nimeanza tangu wiki ile uliyoondoka, kaka yako ananisaidia kupima, amenunua mizani mpya kwa pesa zake. Ya jana nimeandika hivi: Jumatatu, bamvua, upepo wa kusi mwepesi, Manda Toto upande wa ndani, maji safi kidogo, tafi kilo tisa, changu kilo nne, pono mmoja mkubwa. Tafi wawili walikuwa na mayai, tumewarudisha majini kama ulivyosema.

Babako.