Barua kwa mwanangu aliyebaki na rangi moja

Mwanangu,

Mdogo wako amenionyesha boksi ulilomwachia. Tyubu zote ni zake sasa, nyekundu, njano, bluu, hata ile kijani uliyokuwa ukimficha asiiguse, na wewe unasafiri na nyeusi peke yake. Nilimuuliza kama ulimwambia sababu. Akasema ulicheka tu. Nilipotaka kujua ni kicheko cha namna gani, hakuweza kunieleza. Basi nakuuliza mwenyewe: usiku unalala?

Sikuulizi habari za sanaa. Za sanaa utanijibu, tena kwa kirefu. Ni wewe uliyenifundisha, mwaka ulioanza chuo, kwamba nyeusi haimo katika maumbile, kwamba mchoraji Monet na wenzake waliiondoa kwenye ubao wao wa kuchanganyia rangi wakachora hata vivuli kwa bluu na zambarau. Nilikuamini. Nikawa nawaeleza walimu wenzangu ofisini kana kwamba nimegundua mimi. Sasa umegeuka, na habari nimezipata kwa mtoto wa darasa la sita.

Kwa hiyo nimesoma. Baba yako anasema mtu akichagua rangi moja anaokoa gharama, hakuna la kusoma hapo. Mwache.

Kama mwalimu wa kemia nilianzia ninapopajua. Katika pango la Chauvet, Ufaransa, walichora kwa mkaa zaidi ya miaka 30,000 iliyopita, na mkaa bado upo ukutani. Katika pango jingine, Lascaux, nyeusi nyingi ni oksidi ya manganizi. (Hiyo ukiipata kwa unga, vaa barakoa. Manganizi ikivutwa puani kwa muda mrefu inaharibu neva, na sisemi kukutisha.) Wachina wakakusanya masizi ya msonobari, wakayafinyanga kwa gundi ya wanyama kuwa vipande vya wino, na katika karne ya 9 mwandishi wa sanaa Zhang Yanyuan akaandika kwamba anayeujua wino anazo rangi zote tano ndani yake. Hili nalikubali. Kama ndilo ulilokusudia, ungesema.

Kilichonishika hasa ni vyungu vya Athens vya karne ya 6 kabla ya Kristo, vile vyenye watu weusi juu ya udongo mwekundu. Miaka yote nilidhani wamepakwa rangi nyeusi. Kumbe haipo. Mfinyanzi alichukua udongo wa aina ileile, akauchuja hadi ukawa laini sana, akachorea huohuo. Kazi iliyobaki ilifanywa na hewa. Kwanza tanuri liliachwa wazi, na chuma kilichomo kwenye udongo kikawa chekundu kotekote. Kisha matundu yakazibwa, kuni mbichi zikatiwa, oksijeni ikakosekana, na chungu chote kikageuka cheusi pamoja na picha yake. Mwisho hewa ikarudishwa. Udongo wa chungu una vinyweleo, ukaivuta hewa na kuurudia wekundu wake. Pale palipochorwa palikuwa pameshayeyuka kidogo na kujifunga, hewa haikupita, pakabaki peusi mpaka leo. Somo la oksijeni kuingia na kutoka nimelifundisha maisha yangu yote kwa mirija ya majaribio, na mfinyanzi Exekias alikuwa akilifanya ndani ya tanuri la kuni, bila kipimajoto, akichora mashujaa Akile na Ajaksi wakicheza mchezo wa kete! Nilifurahi sana. Halafu nikairudia ile sentensi ya kujifunga na hewa isipite, nikaweka kitabu chini.

Unalala? Kuna mtu huko anayekugongea mlango?

Goya, yule mchoraji Mhispania, nilimwogopa kabla sijamfikia, na nilikuwa na haki. Picha 14 juu ya kuta za nyumba yake mwenyewe nje ya Madrid, kati ya 1819 na 1823, mzee, kiziwi, hakuna aliyemwagiza, hata majina hakuzipa. Mojawapo ni mungu Saturn akimla mwanawe. Mama hapaswi kuitazama hiyo usiku, nami niliitazama usiku. Lakini wanaozisimulia picha zile huishia hapo, na mimi sikuishia. Baada ya kuta hizo Goya alihamia Bordeaux, akaanza kuchora mapambano ya ng'ombe dume kwa uchapaji wa mawe, mwaka 1825, akiwa mzee kuliko babu yako alivyo sasa. Alikufa 1828 na miaka 82. Nimeandika pembeni mwa daftari: 82.

Ndiyo, nimekuwa nikiandika umri waliokufa nao wachoraji hawa wa nyeusi. Ungetaka nifanye nini? Malevich, aliyetundika picha yake Mraba Mweusi kule Petrograd mwaka 1915, juu kabisa penye pembe ya chumba ambapo Warusi huweka picha takatifu, 56. Reinhardt, aliyechora mraba juu ya mraba kwa weusi uliokaribiana hivi kwamba lazima usimame kwa muda ndipo uone msalaba unajitokeza, 53, moyo. Rothko 66. Picha zake 14 za miaka ya mwisho, nyeusi na zambarau iliyokolea, ziko kwenye jengo la ibada kule Houston, likafunguliwa 1971, yeye ameshakufa mwaka uliotangulia. Alivyokufa unajua. Siandiki.

Kisha nikakutana na Soulages, na nakuomba uyasome haya polepole. Mfaransa, amezaliwa 1919. Alipokuwa mtoto alichora mistari ya wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, akaulizwa ni nini, akasema theluji. Mwaka 1979, akiwa tayari ni mtu mwenye jina, alikuwa akihangaika na turubai moja, nyeusi imefunika kila kitu, picha haiendi popote. Akaiacha, akaenda kulala. Alipoamka akaona kwamba hatazami tena nyeusi, anatazama mwanga unavyorudi kutoka kwenye mikunjo ya rangi. Kuanzia hapo alichora hivyo, nyeusi tupu, nene, yenye mifereji ya brashi na visu, kwa miaka zaidi ya 40. Amekufa 2022 akiwa na miaka 102. Yapo mengi ya kusema juu ya mifereji hiyo, na wewe utayasema vizuri kuliko mimi. Mimi nimebaki na jambo moja: alikwenda kulala.

Nikarudi kwa Malevich kwa moyo mwepesi kidogo. Mwaka 2015 watu wa makumbusho ya Tretyakov walipopiga eksirei mraba wake walikuta chini yake michoro miwili ya mwanzo, yenye rangi. Na Kerry James Marshall, Mmarekani wa 1955, yeye huchora watu wake kwa nyeusi kamili. Anayo nyeusi ya pembe, nyeusi ya kaboni, nyeusi ya oksidi ya chuma, na anazitofautisha kwa kuzitia bluu na kijani. Umesikia hapo? Bluu na kijani. Mdogo wako hatalia ukimwomba tyubu mbili, nimeshamwandaa.

Ile nyeusi ya maabara iliyotolewa Uingereza mwaka 2014, inayomeza asilimia 99.965 ya mwanga, sina hamu nayo. Ni kaboni iliyooteshwa kuwa mirija midogo, kazi nzuri kabisa kikemia, ila kumpa msanii mmoja tu haki ya kuitumia ni uchoyo.

Mengine ni haya, yachukue yasiyokuudhi. Usitumie lami kwenye picha hata ikikupendeza. Wachoraji wa karne ya 19 waliipenda kwa weusi wake wenye joto, na haikauki sawasawa. Picha ya chelezo ya Géricault, kwenye makumbusho ya Louvre, inazidi kufifia gizani kwa sababu hiyo. Nyeusi ya masizi nayo inachelewa kukauka kwenye mafuta, usiiweke chini ukapaka juu yake haraka, itapasuka. Fungua dirisha unapotumia vanishi. Fungua hata usipotumia.

Zile karatasi zako ulizochora kwa mkaa, zilizokuwa nyuma ya kabati, hazikuliwa na mchwa kama ulivyoambiwa. Tuliache hilo. Ya mikono ya bibi yako ilisalimika, iko ndani ya faili la vyeti, na wageni nawaonyesha kabla hawajaomba.

Chumba chako mdogo wako anakitaka. Nimemwambia asubiri. Mlango wa nyuma umetengenezwa, ufunguo wako wa zamani haufungui tena, nitakupa mpya. Koti usilikunje, kuna kitufe nataka kukishona. Ukifika nipigie, usinitumie ujumbe, ujumbe hauna sauti. Na ukinipigia usiniambie kwamba uko sawa. Niambie umelala saa ngapi na umeamka saa ngapi, nitajua mwenyewe.

Baba yako anasema hatakuja kukusindikiza kwa sababu ya goti. Usimsikilize. Shati ameshalipiga pasi tangu jana.

Mama yako