Musyoka, kitako kisiguse moto

Musyoka ndugu yangu,

Niaje huko? Sisi tuko tu, mvua inanyesha, stima inapotea kila jioni, na najua umeninunia juu wiki tatu sijajibu voisi yako. Si madharau. Nilikuwa na oda ya bangili za yule mama wa Karen, analipa vizuri lakini lazima arudishe mzigo mara tatu ndio aridhike. Sasa jana usiku nikaisikiliza tena mpaka mwisho, na huo mwisho ndio umeninyima usingizi. Ati unataka kubadilisha maganda ya risasi za .308 yawe ya .243, saizi ndogo zaidi, na kwanza utayatia yote kwa oveni mpaka yawe mekundu?

Wacha kabisa.

Bunduki mimi sijui, ya karibu zaidi niliyowahi kuona ni ya soja wa benki. Lakini brasi naijua, nimegonga mifereji mibovu na kufuli kuukuu hapa Kibera mpaka mkono umeota sugu. Na ganda la risasi ni brasi tu, kopa sabini kwa mia, zinki thelathini. Ukiibana inakuwa ngumu, ukiibana tena inazidi, mwishowe inapasuka. Hayo ya .308 uliyonitumia picha yamefyatuliwa mara ngapi? Kila mara yanapanuka, unayabana, yanapanuka, unayabana, halafu leo unataka shingo itoke karibu milimita 7.8 iingie karibu 6.2 ndio yawe ya .243! Wazo si baya, hizo mbili ni mtu na mdogo wake, .308 ilitoka 1952 na .243 ikafuata 1955 kwa ganda lile lile, ni shingo tu ilibanwa. Sema tu shingo zako zimechoka.

Zichome ndio zilainike, lakini SHINGO PEKE YAKE. Simamisha maganda kwa trei ya maji yafike katikati, yawe matupu kabisa, hata kile kifataki cha chini kiwe kimetoka. Punguza taa uone rangi vizuri, piga shingo na tochi ya gesi, ikianza kubadilika kabla haijawaka nyekundu iangushe kwa maji. Usiogope maji, brasi si kama chuma, haikazwi na maji. Kitako nacho, yaani sehemu ya chini ya ganda, kibaki kigumu vile kilivyotoka kiwandani, hicho ndicho kinashikilia presha yote, ukikilainisha gesi itarudi nyuma, na nyuma ndio kuna uso wako.

Halafu kuna jambo hukuuliza. Shingo ikibanwa ile brasi haiendi popote, inajikusanya, ukuta unakuwa mnene. Ukitia risasi kwa shingo nene, hiyo shingo inaweza kukosa nafasi ya kufunguka ndani ya bunduki, na presha ipande vibaya. Kwa hivyo pima unene, ikizidi inyolewe. Na usibane mara moja kama mtu anakimbizana na matatu, pitia saizi ya katikati kwanza.

Yale maganda ulisema yalipasuka yenyewe ndani ya boksi, wewe si husafisha na ile dawa ya madirisha? Kama ina amonia basi mwizi umempata. Waingereza waliona haya India karne ya 19, risasi zikiwekwa kwa mazizi ya farasi msimu wa mvua, mkojo wa farasi ukatoa amonia na maganda yakapasuka bila mtu kuyagusa. Mimi nilicheka hiyo hadithi mpaka nikaweka bangili mbichi karibu na banda la kuku la Mama Shiro, nikakuta nyufa dazeni nzima. Alisema ni laana. Osha na maji ya limau, suuza, basi.

Na uandike kwa boksi na maka pen! Kitako bado kitasoma .308, na vile baba mkwe wako huchukua vitu vyako bila kuuliza, sitaki simu ya usiku.

Kuhusu kunitumia mfuko wa maganda mabovu nitengeneze herini, asante lakini hapana. Hapa kuwinda kulipigwa marufuku tangu 1977, sasa mimi nitamwambia afisa wa airport ni ya herini akubali? Yeyushia huko, ama uza kwa skrapu, unitumie pesa. Hiyo naipokea bila maswali.

Eh, karibu nisahau, mamako alipita Jumapili na ndizi, anauliza kama unakula. Unakula? Ulimpigia Wambo ama bado mnaviziana? Oveni ulikuwa umeshaiwasha? Sema ukweli. Na ni ile mnayopikia chakula cha watoto?? Na Desemba mnakuja ama ni zile hadithi za mwaka jana?

Nijibu leo, hata kama ni neno moja.

Wako,
Otis