Kwako mdogo wangu, uliyeliweka besi chini

Mdogo wangu,

Mama ameniambia tangu upige kwenye ile harusi hujaligusa gitaa lako la besi. Kwamba wanaume wa meza ya mbele walikunja mikono wakakukodolea macho vidoleni badala ya kucheza, na mmoja akauliza kwa sauti ni nani hasa anayepiga. Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikausikiliza tena ule wimbo wa disko, "Boogie Oogie Oogie", nikaona nikuandikie hapa hadharani, maana najua si wewe peke yako.

Besi inayoufungua wimbo ule ni ya Janice-Marie Johnson. Gitaa ni la Hazel Payne. Kundi lao, A Taste of Honey la Los Angeles, lilikuwa na wanaume wawili pia, Perry Kibble kwenye kinanda na Donald Johnson kwenye drams, lakini mbele walisimama wanawake hao wawili, wakiimba huku wakipiga vyombo vyao wenyewe. Walisota miaka kwenye vilabu na kambi za jeshi kabla ya kujulikana. Usiku mmoja, katika klabu ya kituo cha jeshi la anga, watu waliwatazama tu. Johnson aliona kabisa kwamba wanaume wale hawaamini wanawake wanaweza kupiga. Wimbo ulizaliwa kutokana na usiku huo. Aliutunga pamoja na Kibble. Mwaka 1978 ukakaa namba moja Marekani wiki tatu, ukauza nakala milioni mbili.

Hapo ndipo ninapotaka ukae kidogo. Walikunjiwa mikono kama wewe, na jibu lao likawachezesha watu dunia nzima.

Mwaka 1979 wakapewa Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, ya msanii mpya bora, mbele ya wanamuziki wa roki The Cars, Toto na Elvis Costello. Hadi leo wapo wanaoitaja tuzo ile kama kosa, na mimi siwakubalii: isikilize besi hiyo, kisha uniambie kosa liko wapi. Julai 12 mwaka uleule, katika uwanja wa besiboli jijini Chicago, santuri za disko zililipuliwa kwa baruti watu wakishangilia. Redio nazo zikaanza kuipa disko kisogo.

Kundi likabaki na wawili, Janice-Marie Johnson na Payne. Mwaka 1981 walichukua wimbo wa Kijapani wa Kyu Sakamoto, "Sukiyaki", Johnson akauandikia maneno ya Kiingereza, ukafika namba tatu Marekani. Ni wimbo wa taratibu, wa majonzi, hauna disko hata chembe. Miaka michache baadaye kila mmoja akashika njia yake.

Nyuzi nne mpya za besi nimeshanunua, nakuja nazo Tanga Ijumaa. Nataka unipigie ile sehemu ya mwanzo, kabla hata sijavua viatu.

Dada yako