Tuhesabu presha zilizoshuka, si foleni

Mhariri,

Vituo vya afya vya Nairobi vinajua kuhesabu watu. Uliza ni wangapi walitibiwa presha mwezi uliopita na utapata jibu, maana kuna fomu za kila mwezi zinazojazwa na kuingizwa katika mfumo wa kitaifa wa takwimu za afya. Uliza tena: kati ya hao, ni wangapi presha yao imeshuka chini ya 140/90, mpaka wa presha ya juu? Hapo utaambiwa umwone mkubwa, na mkubwa yuko mkutanoni.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wagonjwa wa presha na sukari huku Kayole, na kabla ya siku ya kliniki huwa napitia madaftari ya wanachama. Wasomaji wanayajua madaftari haya. Ni yale ya shule, yananunuliwa langoni, na ndani yake mna historia nzima ya mgonjwa kwa sababu mara nyingi kituo hakibaki na nakala. Likinyeshewa, au likisahauliwa kwenye matatu, unaanza upya kama mgeni.

Daftari la mama mmoja anayeuza mboga linasomeka hivi. Januari: 168/102, endelea na dawa. Februari: 172/100, endelea na dawa. Machi hakuna kitu, hakufika. Aprili: 170/104, endelea na dawa. Dawa yenyewe ni amlodipine, dozi ileile tangu mwaka jana. Foleni amepanga, na siku ambazo dirishani aliambiwa dawa zimeisha, alienda kununua kwenye kemisti kwa pesa zake. Katika hesabu za kituo amehudumiwa mara tatu, na kila mara ni alama nzuri. Ni sawa na mwalimu kujisifia mahudhurio ya darasa ilhali hajasahihisha mtihani hata mmoja.

Simlaumu afisa wa kliniki aliyeandika “endelea”. Benchi limejaa nje ya mlango wake na macho yake yako kwenye ukurasa wa leo tu. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema mgonjwa aliyeanzishiwa au kubadilishiwa dawa aonwe kila mwezi hadi presha ifike inapotakiwa, na akishafika hapo, aonwe kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Sisi tunapewa tarehe ya mwezi mmoja wote, aliyetulia na asiyetulia. Laiti kituo kingejua nani ametulia, benchi lenyewe lingepungua, na afisa huyo angepata nafasi ya kufunua kurasa za nyuma na kuongeza dawa ya pili panapohitajika.

Kuna jambo lingine madaftari yanalisema bila kuulizwa. Tazama tarakimu za mwisho: 140/90, 150/100, 160/100, 130/80. Mashine ya kidijitali haipendelei sifuri. Sifuri zikijipanga hivyo ukurasa baada ya ukurasa, jua kuna mtu anakadiria. Mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi ikikaza, mkanda wa mashine hufungwa juu ya sweta, mgonjwa akiwa ndiyo kwanza ameketi baada ya kupanda ngazi. Utaratibu ni mkono uwe wazi na utulie usawa wa moyo, mtu awe amepumzika dakika kadhaa, na asiwe anapiga soga. Ufuatiliaji wowote wa ubora usioanzia hapo utatuletea takwimu za kubuni.

Kwa sukari mambo ni magumu zaidi, na hapa sisi wagonjwa tuna mkono wetu. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kinaonyesha ya asubuhi hiyo tu, na wengi hujichunga siku mbili kabla ya kliniki, wakaingia wakiwa na 6 na kupongezwa. Jioni wanarudi kwa chapati. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa takriban miezi mitatu, hakidanganyiki hivyo. Lakini wako wenzetu wenye sukari ya miaka mingi ambao madaftari yao hayana kipimo hicho hata mara moja.

Tusiambiwe haiwezekani, kwa maana inafanyika ndani ya ua uleule. Mlango wa pili ni kliniki ya wanaoishi na HIV. Huko mgonjwa ana faili. Asipofika anapigiwa simu. Wingi wa virusi unapimwa, na kituo kinajua ni wangapi virusi vyao vimedhibitiwa na ni wangapi bado. Najua mfumo ule ulijengwa kwa fedha nyingi za wafadhili, Marekani hasa, na tuliona mwaka 2025 jinsi fedha hizo zinavyoweza kukatika ghafla. Lakini ujuzi haukuondoka na wafadhili. Wauguzi wanaojua kutunza rejista na kufuatilia aliyepotea tunao.

Nje ya nchi wapo waliofika mbali kwa kuanza na kuhesabu vizuri. Shirika la Kaiser Permanente la kaskazini mwa California lilikuwa na wagonjwa wa presha waliodhibitiwa asilimia 44 hivi mwaka 2001. Kufikia 2009 walikuwa asilimia 80. Waliweka rejista moja, wakawa wanaipelekea kila kliniki matokeo yake mara kwa mara, wakarahisisha mpangilio wa dawa na kuruhusu watu kurudi kupimwa presha bila malipo. Ndiyo, wale ni matajiri. Basi tuitazame India, ambako vituo vya umma vinaingiza vipimo kwenye simu na muuguzi anapata orodha ya waliopitisha tarehe ili awapigie.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine za presha na sukari, wanabisha hodi plotini na kupima watu. Ni jambo jema. Ila kila wanayempata wanamwelekeza kwenye kliniki ileile ya “endelea na dawa”.

Hofu yangu ni moja. Tukisema kila kituo kitangaze asilimia yake, mtu atajifunza kuandika 138/88. Kwa hiyo asilimia hiyo isifungwe na mishahara wala malipo ya SHA, bima ya afya ya taifa, angalau mwanzoni, na wauguzi wa kituo kingine waje kupima upya wagonjwa wachache bila kutoa taarifa. Anayeishi kwa kuogopa bosi hawezi kukupa takwimu ya kweli.

Ninachoiomba Kaunti ya Nairobi ni kidogo. Ichague hospitali chache za ngazi ya nne. Iandikishe kila mgonjwa wa presha anayeanza matibabu kati ya Januari na Machi. Kati ya Julai na Septemba itazame ni wangapi wako chini ya 140/90, na ibandike jibu ukutani penye dirisha la dawa, bila jina la mtu yeyote. Aliyepotea katikati ahesabiwe kuwa hajadhibitiwa. Hili la mwisho lisipuuzwe, kwa sababu kituo kinachowapoteza wagonjwa wake wenye hali mbaya kinaweza kuonekana bora kuliko kinachowashikilia. Madiwani nao, bajeti ya afya ikifika mbele yao, wadai kuiona karatasi hiyo kabla ya kupitisha chochote.

Kikundi chetu kiko tayari kutoa madaftari yake, majina yakifunikwa, kwa yeyote wa kaunti atakayetaka kuanza.

Katibu wa kikundi cha wagonjwa,
Kayole, Nairobi