Barua kwa mawinga wa Mwanza: nakala ya mkataba wako iko wapi?

Wanangu mnaocheza pembeni,

Dirisha la usajili limefungwa, na pale Nyamagana kwenye ngazi za uwanja wamekaa vijana wanne wenye kasi ya kumtoa jasho beki yeyote wa ligi. Hawana timu. Msimu uliopita kila mmoja alikuwa na klabu, na kila mmoja anadai mishahara. Ukiwauliza mkataba uko wapi, wanajibu kwa sauti moja: "Upo kwa kiongozi." Jibu hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Maneno yakiwa makali, mnivumilie.

Kuhama timu kwa winga si aibu. Kocha akiamua kucheza mabeki watatu na viungo watano, wa kwanza kukosa nafasi ni nyinyi. Winga Mrisho Ngassa alipita Kagera Sugar, Yanga, Azam na Simba, akavuka hadi Free State Stars ya Afrika Kusini. Ila anayehama sana husaini sana, na hapo ndipo mnapoliwa.

Pale mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, hakuna mchuuzi anayepakia dagaa kwenye lori bila kuhesabu magunia na kuandikiana. Nyinyi mnauza miguu, halafu mnasaini juu ya boneti ya gari, ukurasa wa mwisho tu, nafasi ya tarehe na ya kiasi ikiwa tupu! Itajazwa baadaye, na hutakuwepo. Soma kurasa zote, weka saini kila ukurasa, penye nafasi tupu piga mstari. Tazama tarehe ya kuanza na ya kumaliza: kwa kanuni za FIFA mkataba hauzidi miaka 5, na aliye chini ya miaka 18 haufiki zaidi ya 3. Wakisema fedha ya usajili ni "nusu sasa, nusu baadaye", hiyo baadaye iandikwe siku, mwezi na mwaka. Uliza nani analipia matibabu ukiumia, na kama mshahara unaendelea ukiwa umelala na bandeji. Kipengele kinachoipa klabu peke yake uamuzi wa kukuongezea mwaka, kikatae kabla ya kusaini. Kisha ondoka na nakala yenye saini za pande zote siku hiyohiyo. "Njoo kesho uichukue" msiikubali, wanangu.

Mshahara ukikwama, msitoroke kambini usiku. Ukitoroka, mwenye kosa unakuwa wewe: unaweza kudaiwa fidia na hata kufungiwa. Kifungu cha 14bis cha kanuni za FIFA za uhamisho kinasema klabu ikishindwa bila sababu halali kulipa angalau mishahara miwili ya mwezi kwa tarehe zake, mchezaji aiandikie barua ya madai na kuipa angalau siku 15 ilipe deni lote. Zikipita bila malipo, ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Kisomeni pamoja na kanuni za TFF, shirikisho la soka la Tanzania. Barua iwe nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ikibaki miezi 6 mkataba uishe, una ruhusa ya kusaini na timu nyingine.

Nanyi viongozi mnaosoma hii: mnamkata kijana asilimia 10 ya mshahara kwa ajili ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, klabu inatakiwa iongeze 10 yake, kisha hakuna kinachofika. Huyo ni mtoto wa mtu wa Igoma au Nyakato, na nyumba nzima inamtegemea. Wazazi nao waache kusherehekea usajili ambao hawajauona kwenye karatasi.

Ya uwanjani nayataja kwa haraka. Msuli wa nyuma ya paja ndio unaowamaliza mawinga: piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, shuka mbele polepole mgongo ukiwa umenyooka, mara 5 hadi 8, mizunguko 3, siku mbili kwa wiki. Usifanye siku moja kabla ya mechi, utaingia uwanjani paja likiwa linauma. Nyasi bandia za Nyamagana zinataka kiatu chenye meno mafupi na mengi. Meno marefu hunasa, mwili ukageuka na goti likabaki. Jifunze kurudi kukaba, maana kasi ikipungua utahitaji kucheza beki wa pembeni. Na wewe mwenye mkataba, acha kucheza ndondo, mechi za mtaani, kwa siri. Ukivunjika huko, klabu itakuruka.

Dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu, linakuja. Atakayeitwa, kabla ya kupanda basi apige picha kurasa zote za mkataba wa zamani, amtumie dada yake au mama, na nakala yenyewe aiweke kwenye begi la mkononi. Isikae kwenye buti la basi.

Mzee wenu