Barua ya Wazi kwa Msajili Mkuu wa Mahakama: Kiarabu cha Juba Kipewe Mkalimani Wake

Mheshimiwa Msajili Mkuu,

Nakuandikia nikiwa Mnubi wa Kibra, kwa sababu ya neno moja, "Kiarabu", ambalo likiandikwa katika faili ya mshtakiwa kutoka Sudan Kusini laweza kumnyima ukalimani anaohakikishiwa na Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010.

Mdinka, Mnuer, Mbari na Mzande wakikutana sokoni Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, lugha inayowapatanisha si Kiarabu cha msahafu wala cha Khartoum, bali ni Kiarabu cha Juba, lugha iliyozaliwa katika kambi za askari za karne ya 19, ikachukua maneno ya Kiarabu na kuacha sehemu kubwa ya sarufi yake. Kitenzi hakibadiliki: "ana gi ruwa, ita gi ruwa, uwo gi ruwa", yaani ninakwenda, unakwenda, anakwenda. Zile sauti za kooni zinazowatoa jasho watoto wetu madrasani hazimo. Kinubi chetu ni ndugu yake wa damu, kwani babu zetu, askari wa Emin Pasha, gavana wa eneo hilo la kusini mwa Sudan chini ya utawala wa Misri, waliondoka nacho huko baada ya vita vya Mahdi, kiongozi wa dini aliyeuasi utawala huo, wakapitia Uganda hadi hapa tulipopaita Kibra, yaani msitu.

Mwaka jana niliketi kwenye foleni ya hospitali moja ya jiji hili kando ya mama wa Kinuer aliyempakata mwanawe. Mkalimani, aliyekisoma Kiarabu barabara, alimwuliza maswali, naye mama kwa adabu akaitikia kwa kichwa kila mara, hata alipoulizwa ni siku ngapi. Nilipomwuliza kwa Kinubi mtoto alianza kuugua lini, alinigeukia akaeleza kwa kasi hata nikamwomba apunguze mwendo. Pale kosa lilirekebishwa kwa dakika tano. Kizimbani, kuitikia kwa adabu kunaweza kuandikwa kuwa ni kukiri.

Naomba basi Kiarabu na Kiarabu cha Juba vitenganishwe katika orodha za wakalimani, na mkalimani anayetahiniwa aketishwe na mzungumzaji wa Juba, si na kamusi. Wakati wa kusubiri, watu wa Kibra wanaweza kusaidia, ingawa nakiri kwamba Kinubi chetu kimejaa Kiswahili na yako maneno ya Juba yatakayotupita. Kwa hiyo mkalimani aruhusiwe kumwambia hakimu waziwazi kwamba hakuelewa, na swali lirudiwe.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Kibra, Nairobi