Barua ya wazi kwa viungo vijana: geuzeni shingo kwanza

Wanangu,

Dirisha la usajili likikaribia kufunguliwa, simu yangu haitulii. Mmoja anauliza kama wakala fulani ni mtu wa kweli au tapeli. Mwingine kaitwa majaribio na timu ya Ligi Kuu na hajalala siku mbili. Wa tatu anataka nimwombee kwa kocha wake atolewe namba sita, kiungo mkabaji, apelekwe namba kumi, kiungo wa kushambulia, "ili nionekane, mzee." Nimeona nisijibu mmoja mmoja. Nawaandikia nyote mnaocheza katikati, niliowafundisha na ambao nawaona tu viwanjani, na nimeiweka barua hadharani ili wazazi wenu nao waisome.

Nianze na hilo la kuonekana, maana limewapoteza wengi. Mshambuliaji anaweza kulala dakika 80, akaamka mara moja akachana nyavu, na kesho yuko gazetini. Beki ana mtu wake wa kumkaba. Wewe kiungo uko katikati, mpira unakujia kutoka kila upande na wanaokukaba vivyo hivyo. Ukisubiri uupokee ndipo uanze kutafuta wa kumpa, wameshakuvaa. Ndiyo maana mazoezini huniishia sauti kwa neno moja: shingo! Mpira ukiwa bado kwa beki wa kati, geuza shingo kulia utazame, geuza kushoto utazame. Ukikufikia uwe unajua namba nane wa timu pinzani kasimama hatua ngapi nyuma yako, na winga wako keshakimbia au bado anazubaa pembeni. Fungua mwili, pokea kwa mguu ulio mbali na adui, toa. Hakuna shabiki atakayekupigia vuvuzela kwa kugeuza shingo. Kocha anayeijua kazi yake ataliona hilo kabla hujapiga pasi ya tano, na yeye ndiye anayeandika majina ya kikosi.

Na msidhani namba sita ni adhabu. Claude Makélélé, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Ufaransa, alikuwa akikaba pale Real Madrid huku wenzake wakipamba magazeti. Mwaka 2003 alipoomba mshahara uongezwe, wakubwa wa klabu wakaona hana thamani hiyo, wakamuuza Chelsea. Chelsea wakabeba ubingwa wa England 2005 na 2006. Madrid wakakaa hadi 2007 ndipo wakauona tena ubingwa wa Hispania. Sisemi ni yeye peke yake aliyewaangusha, mpira una mambo mengi. Ila hadi leo kiungo wa namna ile, Waingereza wanamwita kwa jina lake.

Lakini mfano ninaotaka mshike uko karibu zaidi, kwa jirani zetu Kenya: Victor Wanyama. Najua alikuwa nahodha wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, siku ile ya Juni 2019 kule Cairo walipotufunga sisi Tanzania 3-2 nasi tulitangulia mara mbili. Nimeshamsamehe.

Wanyama alizaliwa Nairobi mwaka 1991. Baba yake, Noah Wanyama, alichezea AFC Leopards. Kaka yake ni McDonald Mariga, naye kiungo. Watu husema familia ya mpira, wakaishia hapo, kana kwamba damu ndiyo iliyomsainia mikataba. Fuateni njia yenyewe muione. Akiwa kinda alienda Helsingborg, Sweden, alikokuwa kaka yake. Mariga aliponunuliwa na Parma ya Italia mwaka 2007, mdogo mtu akarudi nyumbani. Hebu fikirini kijana wa mtaani kwenu aliyekwenda Ulaya akarudi kabla hajacheza ligi: maneno atakayoyasikia kijiweni! Yeye akaanza upya, mwaka 2008 akapata Beerschot ya Ubelgiji, akakaa pale miaka mitatu. Klabu ya kawaida, lakini alikuwa anacheza. Mwaka 2011 Celtic wakamchukua kwa dau lisilofika pauni milioni moja.

Novemba 7, 2012, Barcelona wakaja Glasgow wakiwa na Xavi, Iniesta na Messi. Itafuteni mechi ile muitazame yote, msitazame mabao tu. Kwenye bao la kwanza Wanyama aliruka kwenye kona akapiga kichwa, Celtic wakashinda 2-1. Bao lile ndilo watu wanalolikumbuka. Mimi nawaomba mtazame anachofanya Barcelona wakiwa na mpira, yaani karibu mechi nzima: hakimbilii mpira. Anakaa kwenye njia ya pasi, anasogea hatua mbili, anarudi hatua mbili, anamwacha Xavi apige pembeni kwa sababu pembeni hakuna madhara. Kiungo mkabaji tunamwita mkata umeme, na mkata umeme wa kweli hakati kila waya.

Mwaka uliofuata Southampton wakatoa pauni milioni 12.5, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Mwaka 2016 Tottenham wakamnunua, akakutana tena na kocha Mauricio Pochettino, na msimu wa 2016/17 akacheza mechi 36 kati ya 38 za ligi, timu ikamaliza ya pili kwa pointi 86.

Hapo ndipo vijana wengi hufunga kitabu. Mimi ndipo ninapotaka mkifungue. Agosti 2017 goti likaumia, akakaa nje hadi Januari. Alirudi, na Februari 2018 pale Anfield akapiga shuti kutoka mbali ambalo kipa wa Liverpool hakuwa na la kufanya, likachaguliwa bao la mwezi la ligi. Ukilitazama bao lile utadhani kapona kabisa. Lakini goti halikumwachia. Misimu iliyofuata akawa anaingia na kutoka kikosini.

Mei 2019, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, marudiano na Ajax kule Amsterdam, Wanyama alianza. Mapumziko Tottenham walikuwa nyuma 2-0 siku hiyo, na jumla 3-0. Kocha akamtoa, akamwingiza mshambuliaji, Fernando Llorente. Timu ikafunga mabao matatu kipindi cha pili na kwenda fainali. Fainali yenyewe, Juni 1 kule Madrid, alikaa benchi dakika zote 90. Namtaja katika hali hiyo kwa makusudi, kwa sababu kila nikimtoa mmoja wenu mapumziko naona anavyovua jezi na kuitupa. Timu ikihitaji mabao, wa kwanza kutolewa ni mkabaji. Zoeeni.

Mwaka 2020 alihamia Montreal, Canada, kocha akiwa Thierry Henry, na akakaa huko hadi 2024. Mahesabu ya goti hayo. Ligi yenye kasi nyingine, mshahara mzuri, miaka minne zaidi ya mpira. Kuna mliosema "kaisha". Wengi waliokuwa wakimcheka walikuwa hawana timu.

Kaka yake naye nisimpite. Januari 2010 Mariga alikuwa aende Manchester City, kila kitu kimekubaliwa, kikakosekana kibali cha kazi: England ya wakati ule ilitaka nchi ya mchezaji iwe ndani ya 70 bora za FIFA, na Kenya haikuwamo. Mtu mzima angekaa akalia. Siku chache baadaye akasaini Inter Milan, na Mei akawa benchi kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa wakati Inter wanaifunga Bayern, akarudi nyumbani na medali. Na yeye baadaye magoti yakamsumbua, kama mdogo wake.

Sasa la magoti yenu. Najua mnacheza ndondo, yale mashindano ya mtaani. Nami nilicheza mchangani, siwezi kujifanya sijui utamu wake: uwanja umejaa, ngoma zinalia, mfadhili kaahidi mbuzi na bahasha. Lakini kijana uliyesaini mkataba na klabu, kwenda kucheza ndondo Jumapili jioni kwenye kiwanja chenye mashimo bila daktari ni kuweka goti lako rehani kwa bahasha ya nauli. Ukiumia pale, klabu itakuuliza uliumia wapi, na mkataba mara nyingi una kifungu kinachokukataza. Na ukiumia popote, usikubali sindano ya kuua maumivu ili umalize mechi. Maumivu yakizimwa unaendelea kulikanyagia goti lililochanika. Kiungo anageuka ghafla mara nyingi mno katika mechi, hana namna ya kulificha.

Nimalizie na mikataba, ambako nina mengi.

Nyote mnakumbuka sakata la Feisal Salum. Desemba 2022 Fei Toto, akiwa tegemeo la Yanga, alitangaza kuachana na klabu na kuirudishia zaidi ya shilingi milioni 100 akiamini amevunja mkataba. Yanga wakazikataa. Januari 2023 kamati ya TFF, shirikisho letu la soka, ikaamua bado ni mchezaji wa Yanga. Nchi ikabaki na utani, lakini kijana alikuwa anapoteza mpira. Msimu ule ule Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakalikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini mbele ya USM Alger, na Feisal hakuwamo. Ilibidi Rais Samia, akiwapongeza Yanga kwa chakula cha jioni Juni 2023, awaombe walimalize. Baada ya siku chache akauzwa Azam. Msimu uliofuata alifunga mabao 19 kwenye ligi, mawili tu nyuma ya Aziz Ki wa Yanga, aliyeongoza kwa mabao. Sitaki kuamua hapa nani alikuwa na haki. Ninachokiona ni kiungo wa miaka 25, kwenye ubora wake, akikaa nje nusu msimu kwa sababu ya karatasi. Na yule alikuwa Fei Toto, Rais akamsemea. Wewe utasemewa na nani?

Kwa hiyo kabla ya kusaini, geuzeni shingo kama uwanjani. Kitafuteni kifungu cha kuvunja mkataba na mkisome mara tatu: nani anaweza kuvunja, lini, kwa kiasi gani, na je, upande wa pili lazima ukubali? Ahadi ya mdomo ya kiongozi kwamba "ukipata timu ya nje tutakuachia" haina uzito wowote kama haijaandikwa. Kiongozi huyo mwakani anaweza asiwepo.

Kanuni za FIFA zenyewe mzijue, hazina uchawi. Aliye chini ya miaka 18 hasaini mkataba unaozidi miaka mitatu. Ukibakiza miezi sita au chini, unaruhusiwa kusaini na klabu nyingine utakakokwenda mkataba ukiisha. Klabu isipokulipa mishahara miwili, unaweza kuidai kwa maandishi, ukaipa siku 15, na ikishindwa una sababu ya haki ya kuondoka. Kwa maandishi, nasisitiza, na nakala ubaki nayo. Kugoma mazoezi na kuandika mafumbo mtandaoni kunawapa wao ushahidi.

Kuhusu wakala: awe na leseni ya FIFA, ambayo hupatikana kwa mtihani, na jina lake linaweza kuangaliwa. Anayewaomba wazazi wako hela ya viza na "usumbufu" ili akupeleke majaribio Ulaya au Uarabuni ukiwa na miaka 16, mfungulieni mlango atoke. Uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18 umekatazwa isipokuwa kwa hali chache, kama wazazi kuhamia nchi hiyo kwa sababu zisizo za mpira. Hao wanaokuja na stori za timu ya vijana ya klabu kubwa ya Hispania, mimi wamenichosha.

La mwisho kwenye makaratasi ni umri. Msipunguze. Mchezaji anaponunuliwa kimataifa, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Wewe ukiwa na vyeti viwili vyenye miaka miwili tofauti, aliyekulea mchangani anakosa haki yake na wewe unaanza kujibu maswali usiyoyaweza.

Mambo ya magari na nyumba sitayaandika, wazazi wenu wanatosha.

Na wewe uliyetaka nikuombee upelekwe namba kumi: sitakuombea. Nimekutazama mechi tatu za mwisho. Pasi yako ya kwanza ni nzuri kuliko ya yeyote pale, ila mpira ukija kutoka kulia hugeuzi shingo kushoto hata mara moja, na ndiko walikokupokonyea ule uliozaa bao la pili. Tutaanza na hilo.

Mwenye mkataba mkononi aje nao Jumamosi baada ya mazoezi, kurasa zote, si picha ya ukurasa wa mwisho wenye sehemu ya sahihi. Aje na mzazi au mlezi. Kuna mwanasheria, jirani yangu, amekubali kukaa nasi hadi saa kumi na mbili jioni, na hatozi kitu, ila msimfanye asubiri.

Mzee wenu wa mazoezini